Neno Nililomficha Mama Yule

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Mchungaji amenipa robo saa, na ameniangalia kwa jicho la mtu anayezijua robo saa za Watanzania. Nitajitahidi. Wengi wenu mnanifahamu kwa sura tu, yule mama wa safu ya nyuma anayevaa koti kabla ibada haijaisha. Nilikuwa na sababu ya kuwahi mlango, na sababu hiyo ndiyo nimekuja kuisema.

Sitataja jina la mtu, wala la shule. Kosa ni langu, na mimi mnanijua. Inatosha.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha ngozi, na mashati yake yalinuka ngozi hata mama akiyafua mara tatu. Nilipomaliza kidato cha sita, serikali ikanipeleka Chekoslovakia kusomea utengenezaji wa ngozi na viatu. Mnacheka? Ndiyo, digrii ya viatu ipo, na mimi ninayo, iko kabatini. Nilikaa kule miaka mitano, kwenye mji mdogo wa viwanda, nikajifunza Kicheki mpaka nikawa naota kwa Kicheki.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Kule sisi Waafrika tulikodolewa macho barabarani, watoto walitaka kutushika nywele. Lakini walikuwapo watu waliodharauliwa kuliko sisi. Ni Waroma, wale ambao wengi wenu mnawaita Majipsi. Wako Ulaya tangu enzi za mababu wa mababu zao, na bado wanatazamwa kama wezi waliofika jana. Dukani, muuzaji alikuwa akimfuata mama wa Kiroma nyuma nyuma, macho kwenye mikono yake. Mimi alikuwa ananiacha nizunguke. Siku moja akaniambia, "Wewe siyo kama wale."

Ndugu zangu, nilifurahi. Nilitoka pale nimenyoosha shingo. Msichana mweusi, peke yangu, mbali na kwetu, na leo kuna mtu aliye chini yangu! Sikujua kwamba ile furaha nitakuja kuilipia.

Nilirudi nyumbani, kiwanda kikafa, nikaolewa, ndoa nayo ikafa. Hayo ni ya siku nyingine. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nikaingia Kanada na binti yangu mdogo. Kazi niliyopata mnaijua, nusu ya mliomo humu mmeifanya: kusafisha ndege. Unaingia abiria wakishatoka, una dakika chache, unainama, unaokota, unafuta, unainama tena. Kicheki changu hakuna aliyekihitaji. Niliwahi kuandika kwenye fomu ya kuombea kazi kwamba najua lugha hiyo, yule dada wa ofisini akadhani ni kabila la kwetu.

Halafu ukaja ule mwaka tisini na saba. Mnakumbuka. Ndege zikaanza kushusha familia za Waroma kutoka Ucheki, wanaomba ukimbizi kama wengi wetu tulivyoomba. Magazeti yakaandika, redio zikapiga kelele. Wakawekwa kwenye moteli za kando ya barabara kuu, huko mashariki ya jiji, familia nzima chumba kimoja. Watoto wakapelekwa shule ya jirani, na pale shuleni hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuongea nao.

Kuna dada yetu mmoja, Mkongo, yumo humu ndani leo. Wakati ule alikuwa akisafisha shule hiyo. Akamwambia mwalimu mkuu, "Kwetu kanisani kuna mama anasemaka lugha ya wale watu." Nikaitwa. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu, mpole, mwenye haraka zake, aliniketisha na mzee wa Kicheki aliyemwalika anipime. Mzee aliniuliza swali, nikajibu. Akaniuliza la pili, nikajibu na utani juu. Akamgeukia mwalimu mkuu akasema, "Anazungumza vizuri kuliko wajukuu zangu."

Nikapata kazi ya ukalimani. Miezi mitatu ya majaribio, halafu ajira ya kudumu. Nilivaa beji shingoni, nikapanda basi kutoka kwangu Malton, upande wa pili wa jiji, nimejipaka na rangi ya mdomo. Mgongo ukapona wiki moja!

Siku ya kwanza kina mama wa Kiroma walisimama ukutani nje ya ofisi, kimya. Nikawasalimia kwa Kicheki. Mmoja akapiga kofi la mshangao. Akasema, "Mungu wangu, mtu mweusi anaongea kama diwani wetu!" Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka.

Mama huyo aliyepiga kofi ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza binti wa miaka tisa, mrefu, mwembamba, macho makubwa, haongei. Tulipokuwa tunajaza fomu, mama akanishika mkono akaniuliza swali lake la kwanza katika nchi hii. Hakuuliza chakula, hakuuliza nyumba. Aliuliza, "Hapa mna shule ile?"

Nilijua anachouliza. Kule kwao kulikuwa na shule ambazo jina lake rasmi ni zuri tu, ukilitafsiri ni kama "shule maalumu". Lakini kila mtu alijua ni za watoto wasio na akili. Na watoto wa Kiroma walipelekwa huko wengi mno. Mtoto anakaa mbele ya mtu asiyemjua, anaulizwa maswali dakika chache, basi, maisha yake yameshaamuliwa. Mama akaniambia, "Mimi nilisoma shule ile. Mama yangu pia. Binti yangu wakampeleka ana miaka sita. Nimevuka bahari kwa ajili ya hilo."

Nikamwambia, "Hapa haipo. Kanada hakuna kitu kama hicho."

Nilisema bila kujua. Nilisema kwa sababu ni tamu kumwambia mtu neno la faraja. Tena nilikuwa na beji.

Basi, kazi ikaanza, na matatizo yakaanza. Watoto wengine walikuwa hawajawahi kukaa darasani siku nzima. Kaka akitenganishwa na dada zake, analia au anatoka darasani kuwatafuta. Wakikosa siku mbili kwa sababu familia imeitwa kwenye kesi yao ya ukimbizi, inaandikwa utoro. Kalamu ikipotea, macho yote yanageukia upande mmoja. Na wazazi wengine wakaanza kuja ofisini kulalamika, hawataki watoto wao wakae karibu nao. Mmoja wa wazazi hao aliongea na mimi kwa Kiswahili. Sitasema zaidi.

Mimi nilifanya nini? Kwenye chumba cha walimu, wakati wa chai, mwalimu mmoja akasema, "Hawa watu kwa kweli hawapendi shule." Wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishi kwao. Nikatikisa kichwa kwa huruma ya uongo, nikasema, "Ndivyo walivyo." Nikawa mtaalamu wa watu ambao sikuwahi kuingia nyumbani kwao hata siku moja. Nilikuwa nasikia raha ile ile ya dukani.

Na huku nilikuwa nayaona mambo kwa macho yangu. Siku moja bibi wa yule binti alikuja ofisini, haelewi Kiingereza, Kicheki chake kidogo. Karani akamwuliza jambo. Yule binti asiyeongea akamtafsiria bibi yake kwa Kiroma, akapokea jibu, akanipa mimi kwa Kicheki, halafu kabla sijafungua mdomo akamwambia karani kwa Kiingereza, "Friday. She come Friday." Lugha tatu, ana wiki saba tu nchini. Niliona. Nikaendelea na makaratasi yangu.

Wiki chache baadaye wakaleta mtaalamu wa kuwapima watoto akili. Mimi nikakaa pembeni kutafsiri. Akamwonyesha binti picha, moja baada ya nyingine. Mtumbwi wa Wahindi Wekundu. Mchezo wao wa gongo na mpira. Mashine ya kuzoa theluji. Ndugu zangu, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui baadhi ya vitu vile vinaitwaje! Binti akatazama picha, akatazama mlango. Kila alipotaka kuongea alikuwa anachelewa kidogo, anatafuta neno, na mtaalamu ameshageuza ukurasa. Alikuwa ameshawahi kukaa kwenye kiti kama kile akiwa na miaka sita. Akajifunga, akawa jiwe.

Ningeweza kusema, "Subiri." Ningeweza kusema, "Mtoto huyu anaongea lugha tatu." Sikusema.

Tukafika kwenye kikao. Ilikuwa Jumatano, na miezi yangu mitatu ilikuwa inaisha Ijumaa. Mezani tulikuwa mwalimu mkuu, mtaalamu, mwalimu wa darasa, mama yule na mimi. Mama alikuwa amevaa vizuri, amesuka nywele, amekuja na mkoba mtupu, nadhani ili asionekane mikono mitupu. Mwalimu mkuu akaeleza taratibu kwamba vipimo vimeonyesha binti anahitaji kuhamishiwa darasa la elimu maalumu. Akanitazama nitafsiri.

Sikilizeni. Kwa Kicheki, neno ni lile lile la shule zao, "maalumu". Ningelitamka, mama angejua papo hapo. Angepiga ukelele, angekataa, kikao kingevunjika, na wote wangenitazama mimi. Nilifungua mdomo, nikasema, "Wanataka kumweka kwenye darasa dogo, la kusaidiwa."

Mama akanikazia macho. Akauliza, "Siyo shule ile?"

Mwalimu mkuu akauliza, "Anasema nini?"

Nikamjibu, "Anauliza kama mwalimu wake atakuwa mzuri."

Mwalimu mkuu akatabasamu, akamwekea mama mkono begani. "Mwambie mzuri sana. Mzuri mno."

Nikamgeukia mama nikamwambia, "Anasema siyo ile."

Akatia sahihi. Alitia sahihi polepole, herufi moja moja, kama mtu anayechora. Halafu akaniambia asante.

Ijumaa nikapewa ajira ya kudumu.

(Naomba maji kidogo. Asante, mwanangu.)

Darasa lenyewe lilikuwa chini, ghorofa ya chini kabisa, jirani na chumba cha mitambo ya joto. Mwalimu alikuwa mzuri kweli, siwezi kumsingizia. Lakini binti wa miaka tisa alikaa na watoto wadogo, wengine wagonjwa, anapaka rangi picha za bata. Nilikuwa nikipita dirishani pale, baadaye nikatafuta njia nyingine ya kupita. Kabla ya hapo alikuwa ameanza kuokota Kiingereza uwanjani. Akaacha. Akaacha hata kunisalimia.

Mwezi wa kumi na mbili kukawa na maonyesho ya Krismasi, wazazi wakaalikwa. Mama yule akaja mapema. Akataka kuona binti yake anapokaa, akamfuata mtoto ngazi kwa ngazi mpaka chini. Mimi nilikuwa ofisini. Wanasema alisimama mlangoni pale, akaona vile viti vidogo, akaona zile kadi za picha ukutani. Alizijua. Yeye mwenyewe alikaa miaka akipaka rangi bata wa namna ile.

Akapanda juu. Ofisi ilikuwa imejaa wazazi na keki. Sikumsikia akiingia. Hakupiga kelele, na ndicho kilichoniua. Aliniambia taratibu, kwa Kicheki, "Nilikupa mdomo wangu. Umeutumia kuniuza mtoto."

Akachukua watoto wake watatu, akaondoka. Jumatatu familia nyingine hazikuja. Jumanne zikafuata nyingine. Madarasa yakawa na viti vitupu. Mwalimu mkuu akaniita, uso umemsawijika, akaniuliza, "Kumetokea nini? Tumewakosea wapi?"

Huyu mama alikuwa anauliza kwa moyo wote. Na mimi nikamjibu, "Ni watu wa kuhamahama. Ndivyo walivyo."

Ndugu zangu, mtu anaweza kuanguka mara ya kwanza kwa kuteleza. Mara ya pili ile nilijitupa mwenyewe.

Baada ya hapo mwili ukanikataa. Nilikuwa nikitafsiri jambo dogo tu, saa ya kufunga shule, labda, au chanjo, naanza sentensi, naiacha katikati. Nikaanza kuomba ruhusa ya ugonjwa, siku mbili, wiki, wiki tatu. Nikajifungia. Kanisani nikaacha kuja. Mlipiga simu, sikupokea, nisameheni. Binti yangu akawa ananipikia uji, unga umeganda madonge, ananiuliza kwa Kiingereza chake naumwa nini, na mimi namwambia ni mafua. Nikijaribu kusali, nasikia "Anasema siyo ile," kwa sauti yangu mwenyewe. Nikiwaambia nilitamani nisiamke, siwaambii hadithi.

Aliyenitoa ni dada yule Mkongo. Alikuja mchana mmoja theluji imemjaa mabegani, akaingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na koti lake. Nikamweleza yote, nikilia. Nilitegemea anikumbatie. Akaniuliza, "Weye unalia juu ya nani?"

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

Akasema, "Ule mtoto angali pale ku moteli. Namuonaka kila asubuhi nikishuka ku bisi. Anasimama ku dirisha, anaangalia wenzake wanaenda masomo. Ule ndiye anapaswa kulia. Weye uko na lugha yake, unalala nayo humu ndani ya blanketi."

Nilimkasirikia sana. Siku mbili sikutaka kumsikia. Siku ya tatu nikavaa viatu.

Moteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa mbili, milango yote inatazama maegesho. Nikabisha. Mama akafungua kwa mnyororo, uso nusu. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Nilijua neno lile, nikalificha." Akafunga mlango.

Kesho yake nikarudi. Hakufungua kabisa, ila bibi alichungulia pazia akanipungia niende zangu.

Mara ya tatu akafungua, mnyororo ukiwa mahali pake. Nikaanza tena kuomba msamaha. Akanikatiza. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilishajua. Nenda kawaambie wao."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitaka. Nilitaka anisamehe kimya kimya, mlangoni, bila mtu wa shule kujua, halafu niendelee na beji yangu. Nilisimama kwenye maegesho yale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Kisha nikavuka barabara, nikaenda shuleni moja kwa moja, kabla sijabadili mawazo.

Mwalimu mkuu alinisikiliza amesimama. Nilimwambia yote, swali la mama, jibu langu, na lile la watu wa kuhamahama. Nikamwambia na jambo la lugha tatu. Nikamwambia sahihi ile haina maana, kwa sababu aliyeitia hakujua anatia nini. Uso wake ukawa mwekundu, halafu mweupe. Akakaa. Akasema, "Unajua ulichonifanya nifanye?" Akasema tena, pole pole zaidi, "Nilimwekea mkono begani."

Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa nne. Nikavua beji nikaiweka juu yake. Hawakunifukuza kwa kelele. Walinishukuru kwa ukweli, wakasitisha ajira, na ilikuwa haki.

Nikarudi kwenye ndege. Kuinama, kuokota, kufuta.

Baada ya mwezi mmoja simu ikalia. Shule imeandaa kikao kipya, mama amekubali kuja. Walikuwa wamepata mkalimani mwingine, mtu wa heshima zake, Mcheki wa siku nyingi hapa mjini. Lakini walipomwuliza mama anamtaka nani, akanitaja mimi. Mwalimu mkuu hakuamini, akamwuliza kwa nini. Mama akasema, "Huyu najua anavyodanganya. Yule mwingine bado sijamjua."

Mnacheka, na ni haki mcheke, lakini mimi nililia kwenye basi safari nzima. Haikuwa sifa ile. Ila mtu alikuwa ameniachia kijinafasi, chembamba kama upenyo wa mlango wenye mnyororo.

Kikao kile kilichukua saa mbili. Mama aliweka sharti: kila sentensi niiseme yote, na mimi nikisita, tunasimama mpaka niseme. Nilisita mara moja, na akagonga meza. Mtaalamu mwingine akampima binti upya, siku mbili tofauti, maswali kwa Kicheki, anapewa muda wa kufikiri, picha za mitumbwi zikawekwa kando. Kwenye hesabu alikuwa mbele ya wenzake. Kusoma hakujua kabisa. Mtaalamu akaandika kwa maneno ya watu wa kawaida kwamba mtoto huyu hana upungufu wa akili, hajafundishwa.

Akarudi darasa la rika lake. Na shule nayo ikabadilika, siyo yote, lakini ikabadilika. Mwalimu wa darasa alikwenda moteli akanywa kahawa, wa kwanza kufanya hivyo. Kina mama wakaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa wiki za mwanzo, mpaka watoto wakaacha kuangalia mlango. Ndugu wakawekwa karibu karibu. Siku za kesi zikaacha kuandikwa utoro. Na mwalimu mmoja alipopendekeza watoto wa Kiroma wacheze ngoma yao kwenye sherehe, yule mwalimu wa darasa akajibu, "Waulizwe kwanza wanapenda nini." Wakaulizwa. Yule binti akasema anapenda hesabu.

Laiti ningeishia hapo. Lakini ushuhuda wa nusu ni uongo mwingine, na uongo nimeshauchoka. Kulikuwa na karatasi nyingine niliyoitafsiri vile vile, wiki ile ile, ya binti mdogo wa familia nyingine, ana miaka saba. Na yeye nilimwita wa "darasa dogo". Nilipokwenda kumtafuta, chumba chao moteli kilikuwa na wageni wengine. Kesi yao ilikataliwa, wamerudishwa. Huenda leo, tunavyoongea, yuko kwenye shule ile ile waliyoikimbia, na karatasi ya Kanada imeongezwa kwenye faili lake. Sijui. Namtaja kila asubuhi kwa Mungu, na sitawadanganya kwamba moyo wangu umetulia.

Na mama yule hajawahi kuniambia amenisamehe. Sijamwuliza tena. Kahawa ananipa.

Nashukuru. Namshukuru dada yangu yule aliyekataa kunikumbatia. Kaa hivyo hivyo, usibadilike. Namshukuru mwalimu mkuu, ambaye angeweza kuificha aibu ile na hakuificha, na aliyewaandikia wenye kituo cha wakimbizi wanifundishe ukalimani upya, kwa viapo vyake. Namshukuru binti yangu na uji wake wa madonge. Nawashukuru ninyi mliopiga simu bila kujibiwa.

Nami neno langu kwenu ni hili. Humu ndani kuna wanaotafsiri hospitalini, mahakamani, uhamiaji. Kuna watoto wanaowatafsiria wazazi wao kwenye kaunta ya benki. Mama akiuliza swali gumu, mpelekee swali lake kama alivyolisema. Jibu likiwa chungu, mrudishie na uchungu wake. Ni mali yake. Na wale tunaopita karibu na zile moteli tukifunga milango ya magari, nawaomba tujiulize ni nani alitufundisha, na kama siku ile alipotufundisha, sisi wenyewe alikuwa akitutazama mikono au la.

Mwezi uliopita nilikuwa tena kwenye meza ile. Mwalimu akasema binti bado yuko nyuma kwenye kusoma, nyuma sana, na huenda akarudia darasa. Nikatafsiri lote, "nyuma sana" nikaliacha "nyuma sana". Nikaona linavyompiga mama usoni. Halafu akageuza kiti chake, akanipa mgongo mimi, akamtazama mwalimu, akasema kwa Kiingereza chake kilichovunjika vunjika, neno kwa neno, "Wewe, shule, unafanya nini? Mimi, nyumbani, nifanye nini?"

Mwalimu akamjibu polepole. Mama akaelewa. Akauliza la pili, na la tatu.

Mimi nikaweka mikono mapajani, nikakaa kimya, na safari hii ilikuwa sawa.